Libbie Sedlacek, Dereva wa Kiti cha Abiria

Kwa miaka ishirini na miwili Libbie Sedlacek aliendesha gari akiwa amekaa kiti cha abiria, na kwake halikuwa jambo la kushangaza. Usukani ulikuwa kushoto kama kwenye magari yote ya Nebraska, lakini masanduku ya barua yalisimama kulia kwa barabara, juu ya nguzo za mbao, na mtu mwenye masanduku mia moja arobaini na matatu ya kujaza kabla ya saa nane mchana hana muda wa kushuka na kulizunguka gari kila mara. Kwa hiyo alikaa kulia, dirisha likiwa wazi, iwe joto au theluji. Mkono wa kushoto ulishika usukani. Mguu wa kushoto ulinyooka ukavuka katikati ya gari hadi kwenye breki na mafuta. Mkono wa kulia ndio uliofanya kazi ya posta: ulifungua sanduku, ukasukuma barua ndani, ukafunga, ukashusha kibendera chekundu. Mguu wa kulia haukuwa na kazi yoyote. Alisema huo ndio uliotangulia kustaafu.

Wapeleka barua wote wa mashambani walifanya hivyo. Watoto wa mji mdogo wa Slavin walikua wakijua kwamba ukiona gari linakuja na hakuna mtu nyuma ya usukani, barua zimefika.

Ila gari la Libbie lilikuwa na hadithi yake. Lilikuwa El Camino la mwaka 1965, rangi ya buluu iliyofifia, mbele gari dogo la familia, nyuma pikapu. Mumewe, Emil, alilinunua jipya, na siku alipolipeleka kwenye ghala la nafaka wanaume waliacha kupakua mahindi wakaja kulitazama. Aina ile haikuwa ngeni kabisa. Muuza mbegu alikuwa na Ranchero, lile la Ford lililotangulia wenzake mwaka 1957. Chevrolet wakajibu miaka miwili baadaye kwa El Camino lenye mabawa makubwa nyuma, ambayo watoto walipenda kuyakalia. Likauzwa miaka miwili tu likaachwa, na lilipofufuliwa mwaka 1964 lilikuwa limekonda na kutulia. Wakulima wengi waliona ni gari la mtu asiyeweza kuamua. Mmoja alimuuliza Emil kama hilo ni gari linaloogopa kuwa lori, au ni lori linalotaka kwenda kanisani. Emil akamwambia Jumapili atatumia nusu ya mbele na Jumatatu nusu ya nyuma, na siku nyingine si lazima wao wajue.

Alilitumia miezi ishirini. Kisha trekta likampindukia kwenye mteremko wa mto, na Libbie akabaki na shamba asiloweza kulilima peke yake, na lile gari. Walikuwa wakiliita Elka.

Alikodisha shamba, akafanya mtihani wa posta, akapewa Njia ya Pili. Wanaume wa ghala la nafaka walimpa muda wa mwisho, kwamba ataacha kazi theluji ya kwanza ikianguka. Ilikuja, ikapita. Wakampa ya pili. Baada ya hapo hawakumpa tena muda. Ilionekana kwamba gari lisiloweza kuamua lilikuwa limetengenezwa kwa kazi hii kuliko jingine lolote. Pikapu ya kawaida iko juu mno, mkono lazima uteremke kutafuta sanduku. Gari dogo liko sawa na sanduku lakini halina pa kuweka mizigo. Elka ilikuwa na dirisha lililolingana na sanduku, kiti kirefu kama benchi kisichogawanyika, gia iliyokaa kwenye usukani ili isimzuie mtu katikati, hita ya kupasha miguu, na nyuma bodi la kubebea betri za trekta, mizinga ya nyuki na viatu vya mwaka mzima vya familia ya watoto tisa. Injini ilibadilishwa mara mbili. Mlango wa kulia ulibadilishwa mara moja, ukawa mweupe, ukabaki mweupe.

Watu walisema Libbie anaacha kile kiti cha kushoto wazi kwa ajili ya marehemu. Yeye alisema anakiacha kwa sababu masanduku yako kulia. Huenda yote mawili yalikuwa kweli, lakini alilolisema yeye lilikuwa moja tu.

Mwaka 1987 zilitengenezwa El Camino za mwisho. Leonard Pokorny, mpeleka barua wa Njia ya Kwanza, alikata habari hiyo gazetini akaibandika juu ya meza ya Libbie pale posta.

"Wenzako wamekwisha, Libbie," alisema. "Umebaki wewe na dinosau."

"Dinosau hakuwahi kupeleka barua," Libbie akajibu, akaendelea kupanga zake.

Februari iliyofuata alikuja mkuu mpya wa posta, Harlan Teague, mtu mrefu wa miaka hamsini hivi, aliyefanya kazi miaka yote mjini, mahali ambapo barua hupelekwa kwa miguu. Hakuwa mtu mbaya. Alifika mapema, alijifutia meza mwenyewe, alijua majina ya wote kabla ya wiki kwisha. Lakini siku alipotoka nje akamwona Libbie akiondoka, kiti cha usukani kitupu, alisimama pale kwenye ngazi muda mrefu. Kesho yake kulikuwa na karatasi ukutani. Kuanzia mwezi wa nne kila dereva atakaa nyuma ya usukani wa gari lake. Mkuu mwenyewe atapanda na kila mmoja siku moja, akague. Gari lisiloweza kufanya kazi kwa utaratibu huo litafutwa, na njia isiyo na gari itagawanywa.

Pokorny alikuwa amekwisha kujipatia gari kuukuu aina ya jeep lenye usukani kulia, kwa hiyo aliisoma ile karatasi akipiga mluzi. Libbie aliisoma mara mbili. Njia ya Pili ikigawanywa, nyumba ishirini na sita za ng'ambo ya mto zingewekewa masanduku yao pamoja kwenye njia panda, maili nne kutoka nyumba za baadhi yao. Ng'ambo ya mto waliishi hasa wazee. Na yeye, mwenye miaka sitini na tatu, angerudi kwenye nyumba aliyoizoea kuitoka kila asubuhi.

Alimfuata Teague mezani kwake na kumweleza kwa utulivu masanduku yalivyo, dirisha lilivyo, kiti kilivyo. Teague alimsikiliza hadi mwisho. Akasema anaelewa ni mazoea, ila mazoea ya miaka mingi hayageuki kuwa usalama kwa sababu tu hakuna aliyekufa bado.

"Nikae kushoto," Libbie alisema.

"Ukae kushoto, Bi. Sedlacek. Kama watu wote."

"Nitakaa. Siku yangu ukija, nitafanya kila kitu kilichoandikwa pale ukutani, herufi kwa herufi. Naomba na wewe ufuate sehemu yako. Yako inasema unatazama. Basi utazame, usiguse kitu."

Pokorny, aliyekuwa akisikiliza, alimwambia baadaye kwamba kama anajua njia fupi zaidi ya hiyo ya kupoteza kazi, amfundishe.

Siku ya ukaguzi iliangukia Ijumaa, na Ijumaa hiyo walikuja vifaranga. Kila majira ya kuchipua huko vifaranga hutumwa kwa posta, siku ileile wanayototolewa, ndani ya maboksi yenye matundu, na posta nzima hulia piyo piyo kuanzia alfajiri. Boksi la siku hiyo lilikuwa moja, la Bi. Agnes Hruby, mjane wa miaka themanini na moja wa ng'ambo ya mto, sanduku namba tisini na saba. Karatasi ya boksi hilo ilionyesha kwamba lilichelewa siku moja mahali fulani. Kifaranga huweza kukaa siku mbili au tatu bila kula, lakini hawezi kukaa nusu saa kwenye upepo.

Kwa kawaida Libbie aliwaweka vifaranga kwenye kiti, karibu na hita. Leo kwenye kiti kulikuwa na Teague, na trei za barua zilijaza nafasi kati yao. Aliliweka boksi nyuma, kwenye bodi, akalizungushia magunia, akalifunika kwa turubai. Alisimama kidogo akiwa ameweka kiganja juu yake. Kisha akazunguka, akafungua mlango wa kushoto, akakaa nyuma ya usukani. Dashibodi ilionekana ngeni. Kioo cha mbele kilikuwa na mkwaruzo upande huo ambao hakuwahi kuuona.

Waliondoka saa mbili na nusu.

Kwenye sanduku la kwanza alisimamisha gari, akavuta breki ya mkono, akatazama nyuma, akafungua mlango, akashuka, akafunga mlango, akazunguka mbele ya gari, akafungua sanduku, akaweka barua, akafunga, akarudi alikotoka. Teague aliyekuwa inchi chache kutoka kwenye sanduku, dirisha lake likiwa wazi, aliandika muda. Kwenye sanduku la pili ikawa hivyo. Kwenye la tatu ikawa hivyo. Libbie hakuharakisha na hakuchelewesha. Alitembea kama mtu anayepimwa nguo.

Kwenye sanduku la kumi na mbili Teague alinyoosha mkono apokee kifurushi cha barua aliingize mwenyewe.

"Hapana, bwana," Libbie alisema. "Wewe unatazama."

Mkono ukarudi.

Walipofika la ishirini, magoti ya Libbie yalikuwa yameanza kusema. Kwenye nyumba ya akina Novotny baba mwenye nyumba alitoka hadi barabarani, akamtazama Libbie akizunguka gari, akamtazama mgeni aliyekaa mahali pa Libbie, akauliza kama Libbie amevunjika mkono. Libbie alimjibu kwamba amepandishwa cheo. Novotny hakucheka, na Teague aliandika muda.

Hesabu ilikuwa wazi kwa wote wawili. Kwa mwendo ule wangemaliza usiku. Lori la Omaha lililobeba barua zinazotoka Slavin liliondoka saa tisa na nusu, na lisingesubiri. Barua zote za Njia ya Pili zingelala, na kesho yake simu zingelia kwenye meza ya Teague, si ya Libbie. Hilo ndilo alilokuwa amelipanga tangu siku ya karatasi. Alikuwa tayari kutembea hadi saa sita za usiku. Alikuwa tayari kuzimia kwenye sanduku la mia, na azimie mbele ya kioo cha gari, Teague akitazama.

Lakini nyuma kulikuwa na boksi. Mwanzoni vifaranga walilia kwa sauti nyembamba na kali, sauti ya baridi, ambayo kila mtu aliyefuga kuku anaijua. Libbie aliisikia kila aliposhuka na aliichukia kila alipopanda. Kwenye sanduku la thelathini na mbili alishuka, na sauti ilikuwa imepungua. Haikuwa ule mnong'ono wa vifaranga walioshiba joto. Ilikuwa imechoka.

Hakwenda kwenye sanduku. Alikwenda nyuma, akafunua turubai, akaingiza vidole kwenye tundu, akawagusa vifaranga. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi. Alisimama na upepo ukimpiga shingoni, na ikampitia akilini kwamba kama ataendelea hivi atashinda, na Agnes Hruby atapokea boksi la mizoga. Angekuwa ameithibitisha hoja yake kwa vifaranga wa mwanamke mwingine.

Alilibeba boksi hadi mlango mweupe, akaufungua.

"Shuka, bwana."

"Kuna nini?"

"Hawa wanakufa. Kiti hiki ni chao, na huku kulia ni kwangu. Nimekaa unapotaka masanduku thelathini na moja, umeyaandika. Sasa nakwenda kufanya kazi."

"Bi. Sedlacek, ukihamia huku nitalazimika kuandika kwamba gari limeshindwa."

"Andika."

"Utapoteza njia."

"Nimesikia mara ya kwanza. Nyumba ya Kovar ile pale, wana simu, watakuletea mtu wa kukurudisha mjini. Au kuna nafasi nyuma. Wamepanda ndama, amepanda kasisi. Chagua, lakini chagua umesimama, maana mimi naondoka."

Teague alitazama nyumba ya Kovar. Alitazama bodi, betri ya trekta, magunia. Alikuwa mtu mkaidi pia, na pengine hilo ndilo lililomwokoa. Alisema amekuja kukagua njia nzima, na njia nzima ataikagua. Akakunja ukosi wa koti, akapanda nyuma, akajikalisha juu ya magunia mgongo ukiegemea kioo, saa yake mkononi.

Libbie aliteleza hadi mahali pake. Boksi alilisukuma kushoto, akalikalisha mbele ya usukani, juu ya kiti cha Emil. Akafungua hita hadi mwisho. Mguu wa kushoto ukanyooka, na mwili mzima ukakumbuka.

Hapo ndipo watu wa Njia ya Pili walipoliona jambo ambalo wanalisimulia hadi leo: Elka inakuja kasi kwenye changarawe, nyuma ya usukani boksi la vifaranga, na kwenye bodi mkuu wa posta ameshikilia kofia kama ndama anayepelekwa mnadani. Gari halikusimama kabisa mbele ya masanduku, lilipunguza tu, mkono ukatoka, kifuniko kikalia, kibendera kikashuka, likaondoka. Teague alikuwa ameanza kwa kuandika muda wa kila sanduku. Baada ya la hamsini alikuwa akiandika kwa kumikumi. Walipovuka daraja alikuwa amegeuka, anatazama kupitia kioo cha nyuma ule mkono wa kushoto ulivyoushika usukani kutoka mbali, kwa vidole vitatu.

Agnes Hruby alikuwa amesimama kwenye sanduku lake amejitanda blanketi. Alifungua boksi palepale juu ya boneti ya gari, pana joto, akahesabu akigusa kila kichwa. Walikuwa mia moja na wawili, kwa kuwa watotoleshaji huongeza wawili wa kufidia watakaokufa njiani. Mmoja alikuwa amekufa. Kisha akainua macho akaona bodi.

"Na huyu mkubwa?" alimuuliza Libbie. "Sikumwagiza."

"Huyo ni wa kurudisha," Libbie alisema.

Bi. Hruby alimchunguza tena, akaingia ndani polepole, akatoka na kolache mbili, mikate midogo mitamu ya mbegu za popi, zilizofungwa kwenye kitambaa. Alimpa Teague zote mbili. Alimwambia ale, mwanangu, midomo imekuwa buluu, na kama ni yeye anayetaka kulihamishia sanduku lake kwenye njia panda, ale kwanza halafu amwambie akiwa ameshiba. Teague alishukuru. Hakumwambia.

Walirudi Slavin saa tisa na dakika tano. Lori la Omaha lilikuwa bado linapakia.

Teague hakuingia ofisini mara moja. Alikaa kwenye benchi la nyuma la posta mikono ikizunguka kikombe cha kahawa, fomu magotini. Libbie alipomaliza kupanga trei zake alimwita. Alizungumza polepole, bila kumtazama. Alisema ameona alichokiona. Alisema fomu ina mstari mmoja unaouliza kama dereva alikaa nyuma ya usukani siku nzima. Akiandika ndiyo, jambo limekwisha, na yeye Libbie kesho akae anapotaka, hakuna atakayetoka nje kutazama.

Ilikuwa zawadi, na Libbie aliiona kuwa ni zawadi. Alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa. Pokorny, karibu na mlango, alimkodolea macho akimwomba kimyakimya aikubali.

"Hapana," alisema. "Andika ulichokiona. Sijawahi kufanya kazi hii kwa kujificha. Kwa muda wa saa mbili na dakika ishirini, masanduku thelathini na moja, na vifaranga wanakufa. Kwa muda wa saa nne na robo, masanduku mia moja na kumi na mawili, na umekula. Andika yote. Kama watanifuta, wanifute kwa ukweli."

"Na hapa chini unatakiwa usaini kwamba utafuata utaratibu."

Alichukua kalamu. Juu ya mstari aliandika kwa herufi kubwa, za mtu aliyesoma anwani za wengine maisha yake yote, kwamba hatakaa kushoto. Chini yake akasaini jina lake lote: Libuse Anna Sedlacek.

Teague aliisoma, akaipuliza wino ukauke, akaitia kwenye bahasha ya kwenda makao makuu ya posta.

Wiki tano Libbie hakujua kama amefutwa. Kila asubuhi alikuja, akapakia, akakaa kulia, akaondoka, na kila asubuhi Teague alikuwa na sababu ya kuwa ndani. Ile karatasi ilibaki ukutani hadi pembe zikajikunja. Jioni Libbie alikaa jikoni kwake bila kuwasha redio. Alifikiria nyumba ishirini na sita. Hakujuta, lakini kutojuta hakukumpa usingizi.

Jibu lilikuja Jumatatu, ukurasa mmoja. Liliitaja ripoti ya mkuu wa posta kwa tarehe yake. Lilisema Njia ya Pili itaendelea kama ilivyo. Kuhusu kiti halikusema neno hata moja. Lilimtaka mwenye gari abadilishe taa ya nyuma ya kushoto, ambayo kioo chake, kwa mujibu wa mkaguzi, kilikuwa kimepasuka.

Libbie aliisoma barua hiyo amesimama kando ya Elka. Akazunguka nyuma akaitazama taa. Ilikuwa imepasuka kweli. Ufa ulikuwa upande wa juu; ilibidi mtu awe amekaa kwenye bodi, ameinama chini, ndipo aione.

Aliibadilisha siku hiyohiyo, kwa taa iliyotolewa kwenye gari lililokufa uani kwa Novotny. Nyekundu yake ilikuwa mpya kuliko ile ya kulia, haikufanana. Kisha akapakia trei, akafungua mlango mweupe, akakaa mahali pake, na akaondoka.